Barua ya wazi kwa wasimamizi wa besiboli ya vijana Mombasa: mpira uliodakwa ni upi?

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati,
Mashindano ya Besiboli ya Vijana,
Mombasa.

MINTARAFU: MAAMUZI YA MPIRA WA KUDAKWA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Baada ya salamu na heshima zetu kwenu. Sisi ni makocha, waandika alama na waamuzi wa kujitolea katika mashindano mnayoyasimamia. Barua mbili tulizowaletea hazikujibiwa, na swali tulilouliza katika kikao cha makocha liliahirishwa mpaka "msimu ujao". Msimu wenyewe ndio huu. Karatasi ni ile ile na makosa ni yale yale, ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Karatasi tunayoisema ni ule mwongozo wa ukurasa mmoja anaopewa kila mwamuzi asubuhi ya mechi. Kuhusu kudaka una sentensi tatu tu, na zote tatu zina kasoro: kwamba mlinzi (mchezaji wa timu isiyopiga) lazima aushike mpira sekunde mbili, kwamba mpira ukikwama "popote mwilini" umedakwa, na kwamba mlinzi akiigusa kamba ya mpaka na mpira mkononi, mpigaji amezunguka besi zote nne (vituo vinavyompa pointi akivikamilisha). Aliyeiandika ni wazi alikuwa mtu wa kriketi. Hilo si tusi. Mombasa imecheza kriketi tangu enzi za babu zetu, na baadhi ya waamuzi wetu wenye jicho kali wametoka huko. Lakini sheria za kudaka za michezo hii miwili zinaachana pale pale ugomvi unapozuka, na huwezi kuamua mchezo mmoja kwa sheria za mwingine.

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Sekunde mbili hazimo katika kanuni

Kanuni za besiboli zinapoeleza kudaka hazitaji sekunde hata moja. Zinataka mambo mawili. La kwanza, mlinzi aupate mpira ulio angani, yaani ambao haujagusa ardhi wala kitu kingine isipokuwa mlinzi, na autie imara mkononi au ndani ya glavu. La pili, aushike muda wa kutosha kuonyesha kwamba ameumiliki kabisa, na kwamba akiuachia, anauachia kwa hiari na kwa makusudi. Muda huo waweza kuwa chini ya kupepesa jicho, na waweza kuwa hatua sita za mbio.

Mchukulieni mlinzi wa besi ya pili. Mkwaju umenyooka, anaudaka usawa wa kifua, na mkimbiaji wa besi ya kwanza keshatoka mbali na besi yake. Mlinzi anageuka kurusha. Anaifungua glavu, mkono mwingine unaingia, vidole vinatafuta mshono wa mpira, mpira unateleza na kuanguka. Kwa karatasi yenu hakudaka, sekunde mbili hazijatimia. Kwa kanuni amedaka, mpigaji ameshatoka, kwa sababu mpira umemponyoka akiwa katika kitendo cha kurusha baada ya kudaka. Tofauti ya maamuzi hayo mawili ni auti nzima (kutolewa kwa mchezaji mmoja; tatu zikitimia, zamu ya kupiga inakwisha), pengine mbili.

Msidhani hili ni gumu kwetu peke yetu. Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani, ilipopanua matumizi ya marudio ya video, ilianza msimu kwa tafsiri kali: mpira ukianguka wakati wa kuutoa kwenye glavu, mlinzi hakudaka. Wachezaji na makocha walipiga kelele, na kabla ya Aprili kwisha tafsiri ile ikaondolewa. Msimamo uliorudishwa unaeleweka hata na mtoto: kama mlinzi aliumiliki mpira ndani ya glavu, kisha akaifungua glavu kwa makusudi ili auhamishie mkono wa kurushia, amedaka. Si lazima afanikiwe kuutoa. Wenye pesa na kamera walikiri kosa lao katika muda wa wiki chache. Sisi tuna karatasi moja tu ya kubadilisha.

Kwa hivyo mwamuzi asihesabu. Aitazame glavu na mkono wa pili. Glavu ikifunguka kwa kutaka kwa mwenyewe, na mkono uko njiani kuingia, umedakwa. Mpira ukichomoka glavu ikiwa bado inafunga, au umepiga kiganja na kuruka kabla vidole havijaukumbatia, haukudakwa.

Upande wa pili wa kosa hili ni mbaya zaidi, kwa sababu hesabu ya sekunde mbili humpa auti mlinzi asiyestahili. Kanuni inasema mlinzi akigongana na mchezaji mwingine au na ukuta, au akianguka, wakati ule ule anapougusa mpira au mara baada ya hapo, na mpira ukamtoka kwa sababu hiyo, hakudaka. Mlinzi wa nyuma (wa sehemu ya uwanja iliyo mbali, karibu na mpaka) anayedaka akiwa mbioni anaweza kwenda hatua nne au tano na mpira ndani ya glavu, sekunde mbili zikapita, kisha akaingia ukutani na mpira ukaruka. Mbio zilizompeleka ukutani ni zile zile alizodakia, kwa hiyo hajamaliza. Lakini angesimama, akatulia, kisha mwenzake akamgonga akishangilia na mpira ukaanguka, hilo lingine: alishamaliza kudaka.

Na wale wa kujirusha chini. Mpira uliodunda kidogo mbele ya glavu ndio unaotuletea kelele nyingi kuliko yote, na kwenye viwanja vyetu vya mchanga waamuzi wameshika tabia ya kuamua kwa vumbi. Vumbi peke yake si ushahidi, kwa sababu glavu yenyewe ikikwaruza ardhi hulitimua. Cha kutazama ni vumbi limeanzia wapi na glavu imelala vipi. Likifumka mbele ya glavu kabla glavu haijafika, mpira umedunda. Likifumka chini ya mgongo wa glavu, na kiganja kimeangalia juu, yaelekea umedakwa. Kiganja kikiangalia chini, mwamuzi ashuku mara mbili. Hayo yote hayaonekani kwa mwamuzi anayekimbia, kwa sababu macho hutikisika na kichwa. Akimbie kutafuta upande wa kuona, kisha asimame kabla mpira haujafika. Kuwa mita 20 ubavuni, umesimama, ni bora kuliko kuwa mita 5 nyuma ya mgongo wa mlinzi.

2. "Popote mwilini" ni kriketi

Katika kriketi mpira ukinasa kwa bahati ndani ya nguo za mlinzi, umedakwa. Katika besiboli ni mkono au glavu, basi. Kofia haimo, mfuko haumo, wala kinga ya kifua, wala sehemu yoyote ya sare. Mpira ukiingia ndani ya jezi na kukwama humo, mpigaji hajatoka kwa kudakwa. Mwamuzi asimamishe mchezo na kuwaweka wakimbiaji pale busara inapoonyesha wangefika. Ukikwama katikati ya vidole vya glavu, kwenye ule wavu wa ngozi, na glavu iko mkononi, huo umedakwa.

Kuubana mpira tumboni kwa kigasha ni suala la vijana wadogo zaidi, kwa kuwa glavu nyingi tulizo nazo ni kubwa kuliko mikono yao na kamba zake zimelegea. Kuubana si kudaka, wala si kosa. Mpira bado uko hai angani kikanuni, na mlinzi akiutia mkononi kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Waamuzi wetu wamekuwa wakipaza sauti "auti!" mapema, mara kijana anapoukumbatia, kisha mpira unateremka hadi viatuni na hakuna anayejua pa kwenda.

Anayeivua kofia na kuugusa nayo kwa makusudi mpira uliopigwa ndani ya mistari, au kuurushia glavu na glavu ikaugusa, hapati kitu: wakimbiaji wote, pamoja na mpigaji, wanapewa besi tatu, na mpigaji anaweza kujaribu kufika nyumbani (besi ya mwisho, anapopatia pointi) kwa hatari yake. Glavu ikichomoka yenyewe kwa nguvu ya mpira, hakuna adhabu.

Liko na jambo la mwamuzi mwenyewe. Kwenye kriketi mpira ukimgonga mwamuzi kisha ukadakwa, mpigaji ametoka. Kwenye besiboli mlinzi akiugusa mpira wa juu, ukamgonga mwamuzi au mchezaji wa timu inayopiga, kisha mlinzi mwingine akaunyaka, haukudakwa. Na mpira uliogusa tawi si wa angani tena. Pale palipo na mwarobaini unaoinamia uwanja, mpira uliopitia majani na kuangukia glavuni hautoi mtu, hata mlinzi aushangilie vipi. Mti kama huo utajwe katika kanuni za uwanja kabla ya mrusho wa kwanza, si baada ya mpira kuupiga.

3. Kamba ya mpaka

Viwanja vyetu vingi havina ua. Tunafunga kamba ya katani kwenye vigingi na kumwaga chokaa. Mtu wa kriketi akiiona kamba, mkono wake unapanda juu wenyewe. Lakini mlinzi wa besiboli anaruhusiwa kunyoosha mkono kuvuka kamba, ua au ukingo wa banda la wachezaji na kudaka upande wa pili. Kinachoangaliwa ni miguu: anapodaka, asiwe amekanyaga ardhi iliyo nje ya mchezo. Kuigusa kamba kwa goti hakuharibu chochote.

Akishadaka, kisha akaangukia au kukanyaga nje, mpigaji ametoka vile vile. Mpira unakufa (mchezo unasimama), na kila mkimbiaji anasogezwa besi moja, ila ikiwa hiyo ndiyo auti ya tatu. Si mzunguko wa besi nne, wala si "rudieni". Na wenzake wakimshika asianguke bandani, ni halali, hata anayemshika akiwa wa timu pinzani.

4. Wakimbiaji waliotoka "mapema"

Mkimbiaji anaruhusiwa kuiacha besi papo hapo mlinzi wa kwanza anapougusa mpira. Hangoji umilikiwe. Ingekuwa anangoja, mlinzi wa nyuma angeurusharusha mpira kwa vidole, juu chini, akitembea nao hadi katikati ya uwanja huku wakimbiaji wamegandishwa. Ndiyo sababu ya kanuni hiyo, na ndiyo sababu mpira uliobabaishwa na watu wawili kisha ukashikwa na wa tatu kabla ya kugusa chini ni auti halali kwa mpigaji, huku mkimbiaji aliyetoka kwenye mguso wa kwanza akiwa hana hatia.

Mkimbiaji aliyetoka mapema kweli hatoki mchezoni mpaka timu ya walinzi idai, kwa kumgusa yeye au kuigusa besi aliyoiacha, mpira ukiwa mkononi. Mwamuzi asimtangaze kwa hiari yake.

Tena, waandika alama wetu wamelazimishwa kufuta pointi zilizo halali. Chukueni auti moja, wakimbiaji besi ya kwanza na ya tatu. Mpira wa juu unadakwa: auti ya pili. Wa besi ya tatu anasubiri mguso, anakimbia, anakanyaga nyumbani. Baada ya hapo mpira unafika besi ya kwanza na kumnasa yule aliyekuwa hajarudi: auti ya tatu. Pointi inahesabiwa, kwa kuwa auti hiyo si ya kulazimishwa (ya mkimbiaji anayelazimika kuiacha besi yake kumpisha anayemfuata), na mguu uligusa nyumbani kabla yake. Mwamuzi anayefuta pointi hiyo amesoma kanuni vibaya. Hapa jicho halihusiki.

5. Mpira wa juu wa uwanja wa ndani

Karatasi haiutaji kabisa. Wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au besi zote zikiwa na watu, na auti hazijafika mbili, mpira wa juu ndani ya mistari ambao mlinzi wa ndani (wa karibu na besi) angeudaka kwa juhudi ya kawaida unamtoa mpigaji, udakwe usidakwe. Mkwaju ulionyooka na banti (mpira unaoguswa kidogo tu kwa gongo) havimo. Kanuni hii inamkinga mkimbiaji: bila hiyo mlinzi angeuacha uanguke makusudi na kuwatoa wawili kwa mpira mmoja. Mpira unabaki hai, na anayetaka kukimbia akimbie kwa hatari yake. Waamuzi wetu husimamisha mchezo, na wengine huutangaza hata mkimbiaji akiwa mmoja tu.

Juhudi ya kawaida hupimwa kwa mchezaji wa wastani wa ligi husika, na kwa kuzingatia hali ya uwanja na ya hewa. Maneno hayo kama yameandikiwa Mombasa. Kusi likivuma alasiri, mpira wa juu unaoanzia kwa mlinzi wa besi ya tatu unaweza kumalizikia nyuma ya mrushaji, na kijana wa miaka 12 anayeufuata kinyumenyume hafanyi juhudi ya kawaida. Mwamuzi angoje mpira ufike kileleni na mlinzi atulie chini yake, ndipo atangaze, kwa sauti. Hata mabingwa hugombana kwa hili: Oktoba 2012 mjini Atlanta, katika mechi ya mtoano kati ya timu za Braves na Cardinals, tangazo la aina hii kwa mpira uliofika mbali uwanja wa nyuma liliwafanya mashabiki watupe chupa uwanjani, na mechi ikasimama kwa dakika 19.

6. Straiki ya tatu

Kwa ufupi. Straiki ni mrusho ambao mpigaji ameukosa, na ya tatu humtoa mdakaji akiudaka mpira. Mpira uliodunda kabla ya kumfikia mdakaji wa nyuma ya mpigaji haukudakwa, hata akiushika vizuri namna gani. Ikiwa besi ya kwanza ni tupu, au auti ni mbili, mpigaji anaweza kukimbia. Waamuzi wamekuwa wakimtangaza "auti" mara tu anapouchapa upepo, naye anaenda kuketi.

Tunajua mtakayotujibu, kwa sababu tumeshayasikia pembeni.

Mtasema ni watoto, waacheni wacheze. Watoto hawa wanajifunza kuganda na mpira kwa sekunde mbili, na kuganda huko kunawanyima kurusha. Tena wanaodhani kuanguka hakuna athari ndio wanaojirusha ovyo kwenye kamba.

Mtasema hatuna waamuzi wa kutosha. Wawili wanatosha wakigawana. Besi zikiwa na watu, wa uwanjani anasimama ndani, nyuma ya mrushaji, na anachukua mipira yote iliyo kati ya mlinzi wa nyuma wa kushoto na wa kulia wanapokimbilia mbele au nyuma moja kwa moja. Wa nyumbani anachukua ile inayowapeleka walinzi hao upande wa mistari. Kabla ya kila mrusho watazamane. Kinachotuumiza leo ni wote wawili kuutazama mpira mmoja, au kila mmoja kudhani ni wa mwenzake.

Mtasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Wa jicho, ndiyo, na hatuupingi. Mwamuzi akisema "niliona umedunda", tunanyamaza. Akisema "umedakwa ila hukutimiza sekunde mbili", hapo hakuna jicho, pana kanuni isiyokuwepo.

Tunayoomba, Mheshimiwa, ni haya:

(a) Karatasi ya sasa iondolewe ndani ya siku 14. Rasimu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tumeshaiambatisha kwenye barua ya pili tuliyowaletea. Irekebisheni mtakavyo, mradi sekunde mbili zisirudi.

(b) Waamuzi wote wafanye zoezi la nusu siku uwanjani kabla ya mechi zijazo: mipira 30 ya kujirusha chini, 20 ya kuhamisha kutoka glavu kwenda mkononi, 10 kwenye kamba. Mipira na walinzi tutaleta sisi.

(c) Ishara ziwe mbili tu: ngumi ya kulia juu kwa auti, mikono yote miwili ikitandazwa ubavuni, pamoja na sauti "haujadakwa!", kwa mpira ulioguswa ukaanguka au uliodunda. Ukimya si ishara.

(d) Makocha wawili na waamuzi waizunguke kamba pamoja dakika 10 kabla ya mechi, wakubaliane juu ya miti, mabanda na magari yaliyoegeshwa, na yaandikwe kwenye karatasi ya alama. Chini ya kila kamba uchorwe mstari wa chokaa ili mguu uonekane.

(e) Kocha aruhusiwe kupinga matumizi mabaya ya kanuni, si uamuzi wa jicho, kabla ya mrusho unaofuata, na pingamizi hilo lijibiwe kwa maandishi.

Tunasubiri jibu lenu, na safari hii tunaomba liwe la maandishi.

Wenu katika mchezo,

Makocha, waandika alama na waamuzi wa kujitolea,
Mombasa.